Karatasi Zisizo na Majina

4 Februari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, na mama amekufunika miguu hata kama hutaki. Mimi sijambo. Chumba changu bwenini kiko ghorofa ya sita. Kina meza moja, vitanda viwili, na mwenzangu mmoja anayejifunza Kiebrania kwa sauti huku akipiga mswaki. Nakohoa kidogo, lakini si kikohozi cha kumwambia mama.

Ningepiga simu, ila mara ya mwisho nilikuuliza umekula nini ukanijibu, "Nashukuru, na wewe pia." Nimeona bora niandike. Macho yako yamebaki kazini, masikio yamestaafu.

Babu, nimepata mada ya tasnifu yangu. Unajua huu ndio mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, na sisi wa huduma ya vijana na familia kila mmoja anachagua jambo moja ambalo kanisa liliwahi kuwafanyia vijana, kisha analichunguza mpaka mwisho. Wenzangu wamechukua kambi, kwaya, mafundisho ya ndoa. Mimi nimechukua sanduku lako.

Nimekua nikisikia habari zake. Vijana walitumbukiza maswali bila kuandika majina, nawe kila Jumamosi alasiri ukafungua kufuli na kuyajibu mbele ya wote. Wazee wa kanisa mpaka leo wanasema Mchungaji alikuwa na macho ya rohoni, kwamba kijana akiwa na shida kwao, kabla hajafungua mdomo, wewe umeshabisha hodi. Ndiyo maana nilikuja kusoma masomo haya. Sikuwahi kukuambia waziwazi. Sasa nimekuambia.

Profesa wangu ni mama mmoja mfupi tunayemwita Uthibitisho, kwa sababu hujamaliza sentensi ameshauliza, "Uthibitisho uko wapi?" Ameikubali mada. Anataka nieleze sanduku lilifanyaje kazi, na kwa nini lilisimama baada ya miaka minne. Pia anataka nimhoji walau mtu mmoja aliyekuwa akitumbukiza karatasi. Mama alikuwa na miaka kumi na miwili, hakuruhusiwa. Lakini Mjomba alikuwa na kumi na saba. Najua nyumbani hatumtaji. Najua aliondoka mwaka huohuo. Sikuulizi ugomvi wenu, Babu. Naomba tu anwani yake kama unayo.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri.

Mjukuu wako,
Kasuku


27 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa pembe moja, nikajua umeipeleka posta mbio kama kawaida yako. Sisi hatujambo. Mama yako ananipikia uji kana kwamba nimeota jino la kwanza jana. Jirani wetu fundi cherehani amejifungua mapacha, sasa mtaa mzima haulali isipokuwa mimi, na hapo ndipo ninapoona faida ya uziwi. Miguu inavimba kidogo. Kikohozi chako mwambie mama yako, usipomwambia nitamwambia mimi.

Nimefurahi kuhusu tasnifu. Nimefurahi sana, wala sitaficha. Mtu akifika miaka themanini na mitatu hategemei tena kuwa mada ya chuo kikuu.

Sanduku lilitengenezwa na seremala mmoja mzee wa kanisa. Lilikuwa na tundu juu, jembamba, la kupitisha karatasi iliyokunjwa mara mbili na si mkono. Kufuli lilikuwa na funguo mbili, zote nilikaa nazo mimi. Tuliliweka ubavuni mwa mlango, si mbele, ili kijana apite na kutumbukiza kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Sharti lilikuwa moja: hakuna jina, na hakuna atakayejua. Nililitangaza kila wiki. Katika miaka minne nilipokea karatasi mia nne na kumi na mbili. Waliuliza juu ya uchumba, mitihani, wazazi wanaogombana, mauti, na mmoja aliuliza kama ni dhambi kulala wakati wa mahubiri yangu. Nilijibu kwamba ni dhambi ndogo ikiwa hukoromi.

Lilisimama kwa sababu ya mchwa. Walilila kuanzia chini, na seremala alikuwa ameshafariki.

Andika vizuri. Mwambie profesa wako kwamba uthibitisho ni mimi, bado napumua.

Hayo mengine tutaongea ukija.

Babu yako


20 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Kikohozi kimeisha. Nimeanza mafunzo kwa vitendo katika kanisa moja karibu na chuo, nina vijana ishirini na watatu. Wana kelele kuliko mapacha wa jirani yenu. Nimewatengenezea sanduku kwa katoni ya viatu. Wiki ya kwanza nilipata karatasi mbili: moja iliuliza kama nimeolewa, ya pili ikauliza kwa nini bado.

Profesa amesoma barua yako darasani. Pale pa kukoroma alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, akaniangalia: "Mchwa?" Nikasema ndiyo, mchwa. "Seremala ni mmoja tu katika mji huo?" Sasa nakuuliza wewe, Babu. Sanduku lililopendwa na vijana kiasi kile, hakuna hata mmoja aliyetengeneza jingine?

Kuna habari nyingine kubwa. Ofisi ya vijana ya kanisa imesikia kuhusu tasnifu. Wanataka nikimaliza waweke sanduku kama lako katika makanisa yao yote arobaini, na mwongozo uwe na jina lako. Nitawasilisha mwezi wa saba.

Uliandika kurasa nne, ukaruka swali moja. Yuko wapi Mjomba?

Kasuku


2 Mei

Kasuku mpenzi,

Umekaa wiki sita bila barua yangu. Mama yako atakuwa amekuambia nilipata mafua. Tuyaache hayo. Hapa pote ni salama, mapacha wameanza kucheka, nami nimeacha kushuka ngazi za mbele.

Sasa angalia kama huyo mwenzako yuko chumbani, na kama yupo msubiri aende na mswaki wake.

Hapakuwa na mchwa hata mmoja.

Kumbuka kwamba miaka ile nilikuwa mchungaji Jumamosi na Jumapili, na siku nne za wiki nilikuwa mwalimu wa sekondari. Vijana wangu wa Jumamosi walikuwa wanafunzi wangu wa Jumatatu. Nilisahihisha insha zao na barua zao za kuomba ruhusa za uongo. Jumamosi ya kwanza nilipofungua kufuli na kumimina karatasi mezani, nilizitambua kama mama anavyozitambua nguo za wanawe kwenye kamba. Zilikuwa kumi na moja. Tisa nilijua ni za nani kabla sijafika neno la pili.

Ningesimama palepale nikawaambia, "Wanangu, samahani, sikufikiria vizuri, miandiko yenu naijua." Wangecheka, tungebuni njia nyingine. Nilikuwa na dakika kumi za kusema hivyo. Nilizitumia kupanga majibu.

Karatasi moja iliandikwa na binti wa kidato cha pili. Iliuliza: "Baba akirudi amelewa anampiga mama. Nisali au niite watu?" Jumamosi nilijibu kwamba afanye yote mawili. Alhamisi nikabisha hodi kwao. Baba yake akauliza, "Nani amekutuma, Mchungaji?" Nikamjibu, "Aliyenituma unamjua." Yule mwanamume alianguka magotini. Majirani waliona, na kabla ya Jumapili mtaa mzima ulikuwa ukisema Mchungaji anaonyeshwa mambo.

Yule baba aliacha kumpiga mkewe. Nataka ulijue hilo pia, maana ndilo lililonipoteza. Ilifanya kazi. Wiki iliyofuata nilienda nyumba nyingine, na nyingine. Kila waliposema nina macho ya rohoni nilijibu, "Sifa ni za Mungu," na kila nilipolisema hilo nilijua ninachofanya. Vijana mia nne na kumi na mbili niliwaahidi kwamba hakuna atakayejua, na mimi nilikuwa najua. Au tuseme karatasi mia nne na kumi na mbili. Vijana walikuwa hamsini hivi, nami nilimjua kila mmoja alirudi mara ngapi.

Usiweke jina langu kwenye mwongozo wowote.

Kuna zaidi, ila mkono umechoka.

Babu


24 Mei

Babu,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Mama ameniambia kwamba mafua yalikuwa siku kumi na tisa hospitalini. Kwa nini hukusema?

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika hadi nikaiweka chini ya godoro, nisiione. Mimi nimeacha kazi ya benki kwa sababu ya macho yako ya rohoni. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nikifumba macho kitandani, nikijaribu kuonyeshwa na mimi. Sikuonyeshwa kitu. Nikadhani nina kasoro.

Nilitaka kukuandikia mengi. Sitaandika, kwa sababu Jumamosi iliyopita limenitokea jambo.

Vijana wangu sasa wanaleta karatasi sita, saba. Moja ilisema: "Mama yangu haniongeleshi tangu matokeo ya mtihani. Mtu anaweza kufa kwa kunyamaziwa?" Babu, namjua aliyeandika. Ndiye binti anayeniandikia orodha ya mahudhurio kila wiki, kwa kalamu ileile ya kijani. Sikutafuta kujua. Nilifungua tu, nikajua. Na kabla sijamaliza kusoma, nilikuwa nimeshapanga nitakavyopita kwao Jumatano kama mtu aliyepotea njia.

Karatasi iko hapa mezani. Jumatano imepita, sijaenda. Nifanye nini? Nakuuliza wewe kwa sababu nadhani hakuna mwingine wa kumuuliza.

Umesema kuna zaidi. Ni Mjomba?

K.


11 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba, na asante kwa kukasirika. Ningeudhika kama ungenijibu kwa adabu tupu. Hatujambo. Pacha mmoja ana jino. Daktari alizungumza na mama yako koridoni. Sikusikia neno, lakini niliyaona mabega ya mama yako, na nimefanya kazi ya kuzika watu miaka arobaini, nayafahamu mabega. Kwa hiyo nisingoje zaidi.

Kwanza karatasi yako. Usiende nyumbani kwao. Jumamosi simama uwaambie wote kwamba miandiko yao umeanza kuijua, na kwamba ulikosea kuahidi usichoweza. Usimwangalie binti huyo unaposema. Kisha mwenye neno atakuja mwenyewe au hatakuja. Asipokuja utaumia. Uumie. Mimi sikutaka kuumia hata wiki moja, nikaita huko ni kuwahudumia.

Sasa mwanangu.

Mwaka wa nne, mwezi wa kumi, nilifungua sanduku nikakuta karatasi imekunjwa kwa makini kuliko zote. "Mtu akiacha kuamini, anaweza kuendelea kukaa nyumbani kwa wanaoamini?" Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kushika kalamu, akiwa amekaa mapajani mwangu.

Jumamosi sikuisoma. Niliitia mfukoni. Vijana walikuwa na desturi ya kuhesabu majibu, na mmoja wao alijua kwamba swali lake halikujibiwa. Alikaa safu ya tatu akaningoja mpaka mwisho.

Jumapili, chakula cha mchana, tukiwa wanne mezani, niliweka kijiko chini nikasema, "Humu ndani kuna mtu anauliza kama anaweza kukaa nyumba hii bila imani. Jibu ni hapana."

Bibi yako akaniangalia kama mgeni. Mama yako alikuwa anatafuna, akaacha. Mjomba wako akauliza, taratibu tu, "Umejuaje, baba?"

Kasuku, bado nilikuwa na nafasi. Ningesema, "Nimeujua mwandiko wako, nimeogopa." Maneno manne. Nikasema, "Mungu amenionyesha."

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu siku nyingi na sasa amekiona kikiwa kimevunjika. "Kumbe Mungu naye anasahihisha daftari siku hizi," akasema. "Hiyo y yangu yenye mkia umeizungushia wino mwekundu miaka mitatu, baba. Si Mungu huyo. Ni wewe."

Nikamwambia asimkufuru Mungu mezani kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kumkufuru.

Alinyanyuka, akaosha sahani yake, akaifuta, akaiweka kabatini. Jumanne akaondoka. Vijana aliwaaga, na sijui aliwaambia nini, ila Jumamosi iliyofuata sanduku lilikuwa tupu, na iliyofuata, na iliyofuata. Nilikuwa nikilifungua peke yangu na kulifunga. Mwishowe nikaligeuza kiti cha kuwekea ndoo.

Watu wote niliwaambia aliondoka kwa sababu alimwacha Mungu. Yeye alikuwa ameuliza swali tu. Alikuwa anataka kujua kama akilisema, bado atakuwa na kitanda. Bibi yako aliniuliza mara moja, "Alichosema kijana ni kweli?" Nikamjibu asimsikilize. Zamani akiumwa kichwa alikuwa akisema, "Niombee." Tangu siku ile alikunywa dawa akalala. Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo na hakuniomba tena.

Haya yote yaweke kwenye tasnifu. Usiandike "mchungaji mmoja". Andika "babu yangu".

Anwani ya mjomba wako sinayo. Nafikiri mama yako anayo, huwa anaficha simu ninapoingia, na mimi hujifanya kutafuta miwani. Iombe. Mpelekee barua hii, kurasa zote, asome kwa macho yake. Sitaki umweleze kwa maneno mazuri. Una maneno mazuri mno.

Babu yako


5 Julai

Babu yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Nami nina la kukiri.

Anwani ya Mjomba ninayo tangu Februari. Mama alinipa namba siku ile ile uliponijibu habari za mchwa. Anakaa mji huuhuu. Ni fundi wa lifti, Babu. Ameajiriwa na kampuni inayohudumia majengo marefu, na kila Jumapili mchana tunakula pamoja katika mgahawa mdogo karibu na karakana yao. Hajaoa. Anapenda utani. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwambie babu yako mimi kila siku napanda juu, nikishuka nashuka kutafuta spana." Lakini nilipomuuliza habari za sanduku alikunja uso. "Muulize mwenye sanduku," akasema, na kila Jumapili jibu lilikuwa hilohilo. Miezi minne nilikuwa nikikuuliza aliko ilhali namjua, kwa sababu nilitaka unitamkie wewe. Nisamehe. Nadhani hii tabia tumeirithi.

Barua yako nilimpelekea kazini, nilishindwa kungoja Jumapili. Alikuwa kwenye chumba cha mitambo juu ya jengo la ofisi, mikono yote grisi. Akaifuta kwa tambara, kidole kimoja kimoja, ndipo akaipokea barua. Alisoma amesimama. Alipofika mwisho aliikunja, akanirudishia, akarudi kwenye mtambo wake. Nilikaa juu ya ndoo ya mafuta saa nzima.

Akatoka. "Ameandika kwamba hakuonyeshwa?"

"Ameandika."

"Kwa mkono wake?"

"Mjomba, umeisoma."

"Nipe tena."

Akasoma ukurasa ule mmoja tu, wa mezani. Safari hii grisi ilibaki kwenye karatasi, hakujali. Akasema, "Sahani hata mimi nilikuwa nimeisahau." Kisha akaniuliza unakula nini siku hizi. Nikamwambia uji. "Hapendi uji," akasema, kama anayenilaumu mimi. Basi. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja, na mimi sikumuuliza. Barua amebaki nayo.

Vijana nao niliwaambia, kama ulivyosema. Nilisimama nikasema miandiko yenu naijua, samahani. Unajua walifanya nini? Walicheka. Mmoja akasema, "Dada, sisi tulishajua zamani! Ndiyo maana tunakuandikia vitu vidogo vidogo." Mwingine akadakia, "Yale makubwa tunayo wenyewe." Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Tulipomaliza, binti mmoja alibaki akipanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Tulikaa mpaka saa kumi na mbili. Aliyoniambia sikuandikii.

Profesa amesoma sura mpya. Hakuuliza uthibitisho. Alisema, "Mwanzo ulikuwa unaandika sifa za marehemu. Sasa una tasnifu." Ofisi ya vijana hawajafurahi. Wamesema wangependa sura ile iondolewe kabla ya kuwasilisha. Nimekataa. Nitawasilisha tarehe kumi na saba, na kama makanisa arobaini hayatataka sanduku, wasilitake.

Babu, bado nina hasira kidogo. Nakupenda nayo hivyohivyo.

Kasuku


21 Julai

Kasuku,

Marahaba. Barua hii nimeiandika kwa siku tatu, mistari michache kila asubuhi, usishangae herufi zikilala. Hongera kwa kuwasilisha. Mama yako amenisomea ujumbe wako kwa kuuandika kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda.

Amekuja.

Alifika Ijumaa mchana, akapitia mlango wa jikoni, na sanduku la vyombo vya kazi begani, maana alitoka kazini moja kwa moja. Mama yako alipiga kelele ambayo hata mimi niliisikia. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimemhifadhi akilini ana miaka kumi na saba, nikapokea mzee.

Hatukukumbatiana. Alinisalimia, nikaitikia, akaangalia huku na huku kama fundi aliyeitwa. Akaona ninavyojishikilia ukutani kwenda msalani, akachukua bomba la chuma akaanza kunifungia la kushikia. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama mgongo. Nilijua akigeuka nitashindwa. Basi nikasema akiwa amenipa mgongo, na viziwi hatujui kunong'ona: "Nilikudanganya, mwanangu. Na nikamtaja Mungu ndani ya uongo wangu. Nakuomba msamaha."

Aliendelea kukaza skrubu. Akaikaza mpaka mwisho. Halafu akasema kitu, akiwa ameelekea ukutani. Sikusikia. Mama yako alikuwa mlangoni, alisikia, aliweka kanga usoni. Baadaye alitaka kuniandikia nyuma ya kalenda, nikamzuia. Angetaka nijue angenisemea kwenye sikio la kushoto.

Jioni alikula nasi. Mimi ndiye huwa natoa shukrani kabla ya kula, na mama yako alikuwa ameshainamisha kichwa. Nilishukuru kimya, nikachukua kijiko.

Asubuhi aliniletea chai kitandani. Nikamuuliza, "Umelalaje?"

Akaweka kikombe, akainama, akanipigia kelele sikioni, kwa nguvu hata jirani fundi cherehani aliacha mashine: "Baba, mimi sijarudi kanisani! Ujue hilo!"

Nikamwambia, "Sijakuuliza hilo. Nimekuuliza umelalaje."

Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wangu juu ya blanketi.

"Vibaya," akasema, kwa sauti ya kunifikia. "Kitanda chenu kifupi."

Tumemtolea godoro sebuleni. Amepiga simu kazini, amesema lifti zitangoja mpaka Jumatatu nyingine.

Babu yako